Ushahidi wa Vumbi

Katika kijiji cha Munisagara, mahali ambapo Reli ya Kati, ikiisha kuiacha Kilosa na mashamba yake ya katani, huingia katika bonde jembamba la mto Mkondoa na kupanda nao kuelekea nyanda za Ugogo, usiku wa kiangazi una neema moja ambayo watu wa miji mikubwa wamenyimwa, nayo ni giza kamili. Mwezi ukiwa haujachomoza, na moshi wa mioto ya mbuga haujatanda, Njia ya Maziwa hupita juu ya vichwa vya watu kutoka mlima hadi mlima, na mtu mwenye macho mazima, bila ya darubini wala msaada wa chombo chochote, huweza kuona kuwa weupe ule haukukamilika: umepasuliwa katikati na michirizi ya giza, na ubavuni mwa Msalaba wa Kusini pana doa jeusi ambalo karibu halina nyota ya kuonekana. Wengi hudhani kuwa weusi ule ni upungufu wa nyota. Sivyo. Nyota zipo tele, ila zimefichwa na vumbi.

Hata mabingwa wa elimu ya falaki walichukua muda mrefu kulikubali jambo hili. William Herschel, aliyezichunguza mbingu kutoka Uingereza katika karne ya 18, alidhani kuwa sehemu zile ni mapengo tu. Edward Barnard wa Marekani, baada ya kuzipiga picha miaka mingi, alianza kuona kuwa ni mawingu yaliyosimama mbele ya nyota. Na ithibati yenyewe ilikuja mwaka 1930, pale Robert Trumpler alipopima makundi ya nyota na kukuta kuwa yale ya mbali yamefifia na kuwa mekundu kupita kiasi ambacho umbali peke yake ungeweza kuleta. Tangu hapo ikawa bayana kuwa kati ya nyota na nyota pana gesi, na ndani ya gesi pana chembe za madini ya silika na kaboni, ndogo mno hata kwamba elfu kumi zikipangwa mstari mmoja zingejaza milimita moja tu, na uzito wake wote hauzidi sana sehemu moja katika mia ya gesi inayozichukua. Kiasi hicho kidogo kilitosha kuwaudhi wanafalaki, maana kila mara walipotaka kujua mwangaza wa kweli wa nyota, vumbi lilisimama mlangoni na kudai hesabu yake.

Lakini dhalili huyu ndiye aliyekuja kuwa shahidi wa jambo ambalo hapana jicho liwezalo kuliona, yaani nguvu ya sumaku iliyoenea baina ya nyota. Hapa duniani mtu akitaka kujua sumaku imeelekea wapi, hutoa dira mfukoni na kuitazama sindano. Uga wa sumaku wa dunia katika nchi yetu una nguvu ya karibu theluthi moja ya gausi, nao watosha kuigeuza. Baina ya nyota uga huo ni sehemu chache tu za milioni ya gausi, wala hapana msafiri awezaye kupeleka dira huko, kwa sababu mawingu ya karibu yako mbali kiasi ambacho nuru yenyewe huchukua mamia ya miaka kukikata. Pamoja na udhaifu wake, nguvu hii imejaa katika nafasi kubwa hata ikawa na kauli katika mambo makubwa: huzuia gesi isianguke ovyo na kugeuka nyota kabla ya wakati, na huziongoza chembe za kasi zizungukazo katika Njia ya Maziwa. Kuijua ni sharti la kujua jinsi jua letu lilivyozaliwa.

Ili kufahamu namna vumbi linavyotoa ushahidi, yapasa kwanza kuitazama nuru. Nuru ni mtikisiko, nao mtikisiko huo hukingama na njia ambayo nuru inapita. Mtu akifunga kamba ya katani kwenye mti, akaipitisha baina ya fito mbili za ua zilizosimama wima, kisha akaitikisa, mtikisiko wa juu na chini utapita, na ule wa kulia na kushoto utazuiwa. Nuru ya jua na ya nyota huondoka kwao imechanganya mitikisiko ya pande zote; walakini ikipita katika kitu chenye mpango maalumu, au ikirudishwa nacho, mitikisiko ya upande mmoja huzidi ile ya upande mwingine, na hali hiyo wataalamu huiita polaraizesheni. Jicho la mwanadamu karibu halina habari nayo. Baadhi ya wadudu wametuzidi katika hili: yuko dundu wa kusini mwa Afrika, katika wale wanaoviringisha mavi ya wanyama, ambaye watafiti walithibitisha mwaka 2003 kuwa huinyoosha safari yake usiku kwa kuifuata polaraizesheni ya mbalamwezi angani.

Asiye dundu ataazima miwani ya jua yenye vioo vya polaroidi. Wachuuzi wa stendi huinadi mingi kwa jina hilo, na si yote iliyo ya kweli. Ya kweli hujulikana kwa kuiweka mbele ya kioo cha simu na kuizungusha taratibu, na mara nyingi kioo kitafifia mpaka karibu kizimike. Mwenye miwani hiyo na asimame Munisagara wakati jua linazama nyuma ya milima, aelekeze uso utosini pa mbingu, kisha aizungushe miwani robo duara mbele ya jicho lake: ataliona anga likigeuka kutoka weupe hadi buluu nzito, na akiendelea kuzungusha, weupe utarudi. Sababu ni kuwa nuru ya jua iliyotawanywa na hewa, ikitufikia kutoka pembe mraba na jua, hutikisika zaidi upande mmoja, ambao kwa saa ile ni wa kaskazini na kusini. Mkondoa nao, ambao wakati wa masika huwa hasimu wa reli, wakati wa kiangazi huacha vidimbwi ambavyo mng'ao wake hupungua ghafla mtu avitazamapo kwa miwani hiyo, kwa kuwa nuru inayorudishwa na uso wa maji hutikisika zaidi sambamba na maji. Jaribio la anga lafaa lifanywe siku safi. Mwezi wa Septemba, moshi na vumbi la mbuga ya Mkata vikipanda, nuru hurudishwa huku na huku mara nyingi hata mpango wake ukapotea, na mwenye kujaribu ataona tofauti ndogo au asione kitu.

Ugunduzi wa jambo hili katika nuru ya nyota ulitokea kwa njia ambayo kwangu ni ya kupendeza kuliko ugunduzi wenyewe. Subrahmanyan Chandrasekhar, mwanachuoni aliyezaliwa Lahore na kufanya kazi Marekani, alikuwa amebashiri kwa hesabu kuwa nuru itokayo ukingoni mwa nyota zenye joto kali lazima iwe na polaraizesheni, na kwamba ingeweza kupimwa wakati nyota moja inapoipatwisha nyingine na kuacha ukingo tu uonekane. Wapimaji wawili wa Marekani, William Hiltner na John Hall, walianza pamoja kuitafuta athari hiyo, kisha kila mmoja akashika njia yake. Waliipata polaraizesheni, lakini haikuwa na adabu iliyotarajiwa: nyota ikipatwa, ilikuwapo, nyota ikiwa wazi, ilikuwapo vilevile, haikuongezeka wala kupungua. Tena nyota zilizokuwa jirani angani zilikuwa na mtikisiko wa upande mmoja, kana kwamba zimeshauriana, na zile ambazo vumbi lilikuwa limezifanya nyekundu ndizo zilizokuwa na polaraizesheni kubwa zaidi. Basi nuru ilikuwa imetoka katika nyota bila ya mpango, ikapangwa njiani. Mwaka 1949 taarifa zao mbili zilichapishwa katika toleo moja la jarida la Science. Athari ya Chandrasekhar yenyewe ilingoja hadi 1983 ndipo ikapimwa, katika nyota ya Algol.

Chembe zenye umbo la duara kamili zisingeweza kufanya kazi hiyo, wala chembe ndefu zilizotupwa ovyo, kwa kuwa kila moja ingefuta kazi ya mwenzake. Ilibidi ziwe ndefu na ziwe zimelala mlalo mmoja katika nafasi ya miaka mingi ya nuru. Nani awezaye kuamuru jeshi kama hilo? Mwaka 1951 Leverett Davis na Jesse Greenstein walijibu kuwa ni sumaku. Chembe hugongwa na atomu za gesi hata ikazunguka kwa kasi kubwa. Na kwa kuwa ndani yake mna chuma na madini mengine yenye tabia ya sumaku, mzunguko wake katikati ya uga huleta namna ya msuguano wa ndani, ambao taratibu huugeuza mhimili wa mzunguko mpaka ukaelekea sawa na uga. Na maadamu kitu kirefu kinachozunguka hutulia kikiwa kinazunguka juu ya mhimili wake mfupi, urefu wa chembe huishia kukingama na uga. Wanafizikia waliofuata waliona kuwa msuguano peke yake ni wa polepole mno, wakaongeza kuwa nuru ya nyota, ikiipiga chembe isiyo na ulinganifu, huisokota na kuizungusha. Fikira hiyo ilitolewa katika Umoja wa Kisovyeti miaka ya 1970, na kupewa nguvu mpya Marekani miaka ya 1990. Ubishi juu ya kiasi cha kila sababu haujesha, ila juu ya mlalo wenyewe wengi wamekubaliana.

Matokeo yake ni kuwa nuru ya nyota ikipita katika wingu la namna hiyo, mtikisiko ulio sambamba na urefu wa chembe humezwa zaidi, na ule unaosalia kutufikia huwa sambamba na uga wa sumaku. Tofauti ni asilimia chache tu, lakini yatosha. Kila nyota iliyo nyuma ya wingu huchora kistari kimoja. Nyota mia huchora vistari mia. Na mwenye kuvitia vistari hivyo katika karatasi huliona umbo la nguvu ambayo haina umbo la kuonekana. Mwaka 1953 Chandrasekhar, safari hii pamoja na Enrico Fermi, alionyesha kuwa hata nguvu ya uga yaweza kukisiwa kutokana na vistari hivyo: uga dhaifu huyumbishwa na gesi inayochafuka, na vistari vyake hupishana ovyo, ilhali uga wenye nguvu huishinda gesi, na vistari vyake hunyooka pamoja. Walipata takriban sehemu 7 za milioni ya gausi, na vipimo vya njia nyingine vilivyokuja baadaye havikwenda mbali na hapo.

Mahali ambapo ilimu hii imesomwa vizuri pako mbele ya macho ya kila mkulima wa Kilosa. Wahenga wa pwani walisema kuwa kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, wakawa wanahesabu majira kwa kundi lile dogo la nyota. Kilimia kiko umbali wa miaka 440 hivi ya nuru, katika buruji ya Thauri, na picha za darubini hukionyesha kimefunikwa na utando wa buluu, ambao ni vumbi lililokutana nacho njiani, si mabaki ya kuzaliwa kwake. Mtu akisimama Munisagara jioni za Desemba na Januari, akaelekea kaskazini, atakiona kimepanda theluthi mbili za safari kutoka upeo wa macho hadi utosini; na kulia kwake, chini kidogo, mahali ambapo jicho halioni kitu cha maana, juu yake ikiwaka nyota nyekundu ya Dabarani, ambayo ramani za Kizungu huiandika Aldebaran, pana wingu kubwa la gesi na vumbi, mojawapo ya matumbo ya nyota yaliyo karibu nasi kuliko yote. Humo zimo nyota changa zinazofanana na jua lilivyokuwa utotoni.

Nyota zilizo nyuma ya wingu la Thauri zimepimwa polaraizesheni kwa miongo mingi, na vistari vyake vimeonyesha mpango usioweza kuitwa sadfa. Wingu lina uzi mrefu mzito wa gesi, ambao ndani yake mafundo hujikunja na kuwa nyota, na uga wa sumaku umeukingama uzi huo. Lakini pembeni mwake kuna michirizi myembamba ya gesi hafifu, na hiyo imelala sambamba na uga. Maelezo yanayopendwa na wengi ni kuwa gesi, ambayo ni taabu kwake kuuvuka uga, huteleza kwa kuufuata, ikajilundika juu ya uzi na kuunenepesha.

Hata hivyo ndani ya uzi wenyewe vumbi ni zito kiasi kwamba nuru ya nyota za nyuma haipenyi, na hapo ndipo inapofaa njia ya pili. Vumbi la mbinguni ni baridi, takriban digrii 250 chini ya sifuri, lakini halikosi joto kabisa, nalo hutoa mionzi yake dhaifu isiyoonekana kwa macho, ambayo hutikisika zaidi kwa urefu wa chembe. Kwa hiyo mionzi hiyo hukingama na uga badala ya kuwa sambamba nao, na mchora ramani hana budi kukigeuza kila kistari robo duara. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya tarehe 14 Mei 2009 na kuwekwa kilomita milioni moja na nusu kutoka duniani, iliipima mionzi hiyo katika mbingu yote, ikakuta mahali ambapo polaraizesheni hufika asilimia 20, na ikapeleleza mawingu kumi ya jirani, la Thauri likiwamo. Kwa jumla habari ilikuwa ileile: gesi hafifu hulala na uga, na penye gesi nzito mpango huelekea kugeuka, gesi ikakaa kuukingama.

Na vumbi, kama shahidi yeyote, humponza asiyemsikiliza. Tarehe 17 Machi 2014 watafiti wa darubini ya BICEP2, iliyokuwa Ncha ya Kusini, walitangaza kuwa wameona katika nuru kongwe ya ulimwengu alama ya mawimbi ya mvutano yaliyotokea mwanzoni kabisa mwa vitu vyote. Dunia ya sayansi ilishangilia. Kabla ya mwaka kwisha ramani za Planck zilionyesha kuwa vumbi la Njia yetu ya Maziwa laweza kutoa alama kama ile, na mwanzoni mwa 2015 makundi mawili yaliyokuwa yakishindana yalikaa pamoja na kuafikiana kuwa ushahidi wa mawimbi haukusimama. Ni insafu kusema kuwa walikubali hadharani, jambo ambalo si la kila siku miongoni mwa wenye elimu.

Msomaji ataniuliza: je, katika habari hizi Afrika Mashariki ni mtazamaji tu? La. Katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Waitalia walisimamisha baharini jukwaa la San Marco, na kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliruka setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta eksirei za mbinguni peke yake. Jukwaa halirushi tena roketi, lakini kituo cha nchi kavu kingali na kazi. Setilaiti ya IXPE ya Marekani na Italia, iliyorushwa tarehe 9 Desemba 2021 ili kupima polaraizesheni ya eksirei, huzunguka juu ya istiwai kwa urefu wa kilomita kama 600, na habari zake huteremshwa Malindi. Haipimi nuru iliyopita katika chembe za vumbi. Lakini kanuni ni ileile ya kusoma sumaku kwa mlalo wa mtikisiko, na imeusoma uga wa Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka, ambayo nayo iko katika buruji ya Thauri. Imeyatazama pia mawingu yaliyo karibu na kitovu cha Njia ya Maziwa, na mwaka 2023 watafiti wake walieleza kuwa eksirei zinazorudishwa na mawingu hayo zaelekea kuwa mwangwi wa mwako wa shimo jeusi la kitovuni, uliotokea miaka 200 hivi iliyopita kwa hesabu ya kuonekana kwetu.

Njia hii ina taksiri zake, na si haki kuzificha. Kistari cha polaraizesheni hakina kichwa wala mkia: chaonyesha uga umelala vipi, hakionyeshi kaskazini yake iko upande gani. Tena chaonyesha ule mlalo tu unaokingama na macho yetu. Uga unaotuelekea moja kwa moja, au unaotukimbia, hauachi alama. Na mawingu mawili yakiwa moja nyuma ya jingine, ushahidi wao huchanganyika, maana mionzi ya vumbi haisemi imetoka umbali gani. Dawa ya tatizo hili la mwisho inatafutwa kwa kurudi kwenye nuru ya nyota, kwa kuwa setilaiti ya Gaia imekwisha kupima umbali wa nyota zaidi ya milioni elfu moja, na mwenye kujua nyota ipi iko mbele ya wingu na ipi iko nyuma aweza kuligawa anga tabaka kwa tabaka. Mradi uitwao PASIPHAE umepangiwa darubini mbili kwa kazi hiyo: moja Skinakas katika kisiwa cha Krete, kwa mbingu ya kaskazini, na ya pili Sutherland, Afrika Kusini, itakayoishughulikia mbingu ambayo watu wa Munisagara huiona upande wa Msalaba wa Kusini.